Mwaka wa Kisanduku cha Herufi Tisa

Ester amerudi Kiomboi. Habari hizi sikuzipata kwake, maana tangu aondoke hajawahi kuniandikia hata kadi ya sikukuu. Nilizipata kwa mjukuu wangu Zuhura, aliyeingia jikoni na sare zake za shule, akihema kwa furaha. "Bibi, kuna bibi mmoja kastaafu Dar, Jumamosi anakuja kutufundisha kompyuta. Anaandika vialama viwili vitatu tu, halafu kompyuta inapita kitabu kizima na kuyatoa maneno yote yanayofanana na vialama vyake!" Nilikuwa nachambua mlenda. Sikuuliza jina la huyo bibi. Vialama hivyo vilishamtaja Ester, na kitu kikaamka ndani yangu, kitu nilichokijua tangu usichana wangu, na nikashangaa kwamba kumbe hakijazeeka pamoja nami. Nina magoti mabovu, nina macho ya kuazima, meno yangu nusu yameshaniaga, lakini wivu wangu juu ya Ester bado una miguu ya kukimbilia.

Jumamosi nilijifunga kitenge changu kizuri nikaenda, nikaketi nyuma kabisa ya darasa kama mzazi aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu. Ester amenenepa kidogo, nywele zake nyeupe amezikata fupi, na sauti yake ni ile ile ya kwaya. Akagonga vitufe, na ukutani pakatokea mabano mawili ya mraba, ndani yake herufi kadhaa, na nyuma yake alama ya kujumlisha. "Hiki ni kisanduku," akawaambia watoto. "Kompyuta itakubali herufi yoyote iliyomo humu, na itakataa isiyokuwemo. Hii ya kujumlisha maana yake moja au zaidi." Akabonyeza, na katika ukurasa mrefu wa maandishi maneno fulani yakawaka rangi ya njano, mengine yakabaki kimya. Watoto wakapiga kelele. Mmoja akauliza amejifunzia wapi. "Hapa hapa Kiomboi," akajibu, "kwenye ubao wa chaki, kabla sijaiona kompyuta kwa macho." Nikangoja aseme na nani. Hakusema. Alimshukuru marehemu Mwalimu Komba, akaishukuru serikali ya wakati ule, akamshukuru Mungu, kisha akaendelea na somo.

Basi nitasema mimi. Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio, redio ikihimiza kisomo cha watu wazima kutwa kucha, na vijiji vya ujamaa vimeanza kujengwa, watu wakihama kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Mimi na Ester tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, wasichana wawili waliokuwa na bahati hiyo, mimi nikitokea upande wa Ikungi, yeye akiwa mtu wa huku huku Iramba. Tulichukuliwa pamoja kufanya kazi chini ya Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyeletwa kutayarisha kitabu cha kwanza cha kusomea. Tangu siku ya kwanza Mwalimu alituambia jambo ambalo lingekuwa afadhali asingelisema. Mwisho wa mwaka, mmoja wetu angepelekwa Dar es Salaam kusomea mashine za kadi, zile zilizokuwa zikitoboa matundu kwenye karatasi ngumu na kupanga hesabu za nchi. Mmoja. Alisema hivyo huku akitabasamu, akadhani anatutia moyo. Tukatazamana na Ester, tukatabasamu pia, na tangu hapo sikumwangalia tena kama mtu wa kawaida.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ofisi ya elimu, cha matofali mabichi yaliyopakwa chokaa, na kila ukiegemea ukuta unatoka na mgongo mweupe. Upepo wa Kiomboi ulikuwa ukipita chini ya mlango na vumbi lake, kwa hiyo karatasi zote zilikuwa na jiwe juu. Palikuwa na meza moja ndefu, taipureta iliyokosa herufi moja, mashine ya kurudufu iliyokuwa ikitapika wino mikononi, na marundo ya magazeti, vijitabu vya kilimo na taarifa za vijiji yaliyofika kifuani kwangu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Watu wazima wangeanza kwa kujifunza irabu tano, kisha k, l, m na t. Mpaka hapo, kitabu kisiwaletee herufi nyingine yoyote, wasije wakakata tamaa. Lakini Mwalimu Komba hakutaka tubuni sentensi. Alisema ukimwacha mtu abuni, atakuletea "mama kala, kuku kala", na mkulima mwenye ndevu zake hatakubali kukaa kwenye benchi kusoma habari za kuku kala. Alitaka sentensi ambazo watu wazima walishawaandikia watu wazima wenzao. Ndani ya marundo haya, alisema, zimo sentensi zilizotokea kuwa na herufi hizi tisa tu, wenyewe walioandika hawakujua. Zitafuteni.

Akachora kisanduku ubaoni, akaandika ndani yake a, e, i, o, u, k, l, m, t, na pembeni akaweka kimsalaba kidogo, maana yake moja au zaidi. Nukta ilimaanisha herufi yoyote ile. Kulikuwa na alama nyingine mbili tatu, ya mwanzo wa neno na ya mwisho wa neno, ambazo yeye mwenyewe alifundishwa na mtu fulani mjini. Wiki ile ya kwanza, ili atupime, alitupa kila mmoja kijitabu cha kilimo cha mtama, kisha akaandika nukta, akaandika lim, akaandika nukta: chochote mbele, lim katikati, chochote nyuma. "Nileteeni yote," akasema. Mimi nikasoma kijitabu chote, na kwa kweli kilikuwa kizuri, nikamletea kulima, mkulima, kilimo, wamelima, yasiyolimwa. Ester akaleta hayo yote, na juu yake akaleta mwalimu, kilima, ulimi, elimu na ulimwengu. Nikacheka. Nikasema, "Jamani, ulimi na kilimo wapi na wapi?" Nilidhani Mwalimu atacheka nami. Hakucheka.

"Nilisema lim, sikusema kilimo," akaniambia. "Ndugu Mariamu, wewe umeniletea unachofikiri ninakitaka. Ndugu Ester ameniletea nilichokiomba."

Naweza kuwaonyesha mahali hasa nilipokuwa nimesimama aliposema maneno hayo. Nilikuwa msomaji hodari kuliko wasichana wote wa shule yetu; nilikuwa nikisimamishwa mbele ya darasa nisome, niwe mfano; na leo naambiwa kwamba kusoma kwangu ndiko kasoro yangu. Ester hakuringa, na hilo lilizidi kuniudhi. Angeringa ningepata pa kumshika.

Tulipanga chumba kimoja nyumbani kwa Mama Naomi, mjane aliyekuwa na nyumba ya bati karibu na njia ya hospitali. Tulilala vitanda viwili vilivyotazamana, na kila asubuhi kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa Ester ukiwa umepumzika vizuri. Jioni tulikaa jikoni kwenye vigoda, sinia moja, ugali wa uwele na mlenda wa kukausha, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mama Naomi alimpenda Ester kwa sababu waliimba kwaya moja. Hakunichukia mimi, hata siku za mfungo alikuwa akiniwekea uji wa futari kabla sijaomba, lakini nilikuwa na macho, na niliona. Akimimina maziwa, kikombe cha Ester kilijaa mpaka ukingoni, changu kilibaki na nafasi ya nzi kuogelea. Akichinja kuku, Ester alipata paja. Mimi shingo. "Shingo ina mchuzi, mwanangu," Mama Naomi ananiambia, nami nashukuru huku nikifyonza vifupa vile na kumtazama mwenzangu anavyokula paja lake taratibu, bila hata kujua kwamba ni paja. Nilikuwa nimefikia hatua ya kumwonea wivu mtu hata kwa nyama ambayo angenigawia kama ningemwomba.

Miezi ikaenda, Ester akawa anapata sentensi nne wakati mimi napata moja. Nilidhani anapewa marundo mepesi, nikabadilisha marundo, na bado akanipita. Siku moja nikainua kichwa nikamwona ameshika gazeti juu chini. Nikadhani amesinzia. Kumbe anafanya kazi. "Nikilisoma vizuri linaniteka," akanieleza bila kuficha. "Naanza kutaka kujua huyo aliyegombana na bwana shamba iliishaje. Nikiligeuza siyaoni maneno tena, naona maumbo tu. Herufi ambayo haimo kwenye kisanduku inajitokeza yenyewe kama jiwe kwenye mchele." Aliniambia kwa moyo mweupe, kama mtu anayekuonyesha kisima. Jioni ile, alipokwenda kwaya, nikageuza gazeti na mimi. Nilikaza macho mpaka kichwa kikauma, lakini maneno yalikuwa yananifuata hata yakiwa miguu juu. Nilijikuta nimepinda shingo nasoma habari ya mtu wa Mkiwa aliyepotelewa na punda wake, nikaimaliza yote mpaka punda alipopatikana. Sikupata sentensi hata moja. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Na ukuta kati ya chumba chetu na ofisi ya Mwalimu ulikuwa haufiki juu. Mwenye shida ya kusikia tu ndiye angekaa pale bila kusikia. Siku moja alikuja mgeni kutoka Singida, afisa aliyekuwa na sauti ya mkutano wa hadhara, akamuuliza Mwalimu hawa mabinti wawili wakoje. Nikaacha kuandika. Ester alikuwa nje anaanika stensili. "Wote wazuri," Mwalimu akasema. "Ester ana jicho. Huyu wa pili, Mariamu, anasoma vizuri sana." Moyo ukanidunda kwa furaha. "Lakini anasoma mno," akamalizia, na yule afisa akacheka kicheko kikubwa. Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, mengine kutoka kwa mume wangu mwenyewe, lakini hakuna lililonikaa kama lile. Nasoma mno. Nikiwa na kitabu mkononi hata leo, mara nyingine nalisikia likisemwa upande wa pili wa ukuta.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Karibu na mwisho wa mwaka tulikuwa tumepungukiwa. Tulikuwa na sentensi moja moja, lakini Mwalimu alitaka kisa, sentensi kadhaa zinazofuatana na kueleza jambo moja, zote kwa herufi tisa. Hatukuamini kama kitu kama hicho kipo. Ester akakipata. Kilikuwa ndani ya taarifa ya kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa miguu kutoka Kiomboi, iliyoeleza habari za wakulima waliofanya vizuri: *Kimolo alilima mtama. Mtama ulikomaa. Mama alikata mtama.* Alipigia mstari kwa penseli akampelekea Mwalimu, naye akainuka kwenye kiti chake akaipitia herufi kwa herufi kwa kidole, kisha akapiga meza. "Hiki hapa!" Akatangaza kwamba somo hilo litajaribiwa kwenye darasa la kijiji hicho hicho, mbele ya yule afisa kutoka Singida, na siku hiyo hiyo ndipo jina la wa kwenda Dar lingetajwa. Hakuhitaji kusema jina gani.

Nikaomba niione karatasi. Niliisoma kama ninavyosoma mimi, mno, na papo hapo nikamwona Mzee Kimolo mwenyewe, mzee mrefu mwenye fimbo ya mpingo, aliyekuwa akija ofisini kuulizia mbegu. Nikawaona na wanawe, walivyokuwa wengi, na nyumba zao zilizopangwa mstari mmoja walipohamia kijijini. Darasa la kisomo la pale lilikuwa la wanawake, na nusu yake ni wake wa wana wa Kimolo. Hakuna mkwe wa huku kwetu, Mnyaturu wala Mnyiramba, ambaye angefungua kinywa chake kulitaja jina la baba mkwe, tena mbele ya watu, tena kwa sauti, akiliandama silabi kwa silabi. Angekufa njaa kwanza. Ester alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa mtu wa huku huku na alimwamkia mzee yule kila wiki. Ila hakuwa amemwona. Alikuwa ameshika karatasi juu chini, na alichokiona ni k, i, m, o, l, o, zote zimo ndani ya kisanduku.

Ester alipotoka kwenda kula, nilibaki nyuma. Niliingia kwa Mwalimu nikasimama mbele ya meza yake. "Mwalimu, samahani, lile somo la Kimolo halitasomeka kule."

"Halitasomeka kwa nini? Kuna herufi iliyozidi?"

"Herufi ni sawa. Ni jina. Wale kina mama ni wakwe zake. Hawawezi kulitaja."

Mwalimu Komba aliniangalia, uso wake ukiwa na huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. "Mariamu, jina ni jina tu. Tena la mkulima bora, watafurahi kulikuta kitabuni." Akainamia karatasi zake, kisha akainua tena kichwa. "Nikushauri kama mwanangu. Huu ni wivu. Usiuache ukutawale, utakuharibia kazi."

Nilijibu, "Asante, Mwalimu." Ulikuwa wivu kweli. Ulikuwa umenijaa mpaka masikioni, na kila mtu mle ndani aliuona, hata Mama Naomi na kuku wake. Lakini nilichokisema kilikuwa kweli pia, na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba mwenye wivu hana pa kuuzia ukweli wake. Ningekuwa nampenda Ester, wangenisikiliza. Nikatoka nje nikaketi kivulini ubavuni mwa ofisi, na njaa yote ikaniishia.

Siku ya jaribio tulikwenda kwa Landrova ya afisa. Darasa lilikuwa kwenye jengo la chama la kijiji, halijapigwa lipu, mabenchi ya magogo, kina mama wamebeba watoto migongoni, wengine wameacha majembe yao mlangoni. Walituamkia, tukaitikia na kuwaamkia wakubwa wao. Mwalimu akaandika somo ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, akamwita mama mmoja mweusi mwenye shanga shingoni asome. Mama akasimama. Akatazama ubao. Akatazama chini. Mwalimu akamtia moyo, "Soma tu, mama, herufi zote unazijua." Kimya. Akamwita wa pili, naye akasimama na kuziba mdomo kwa khanga. Wa tatu hakusimama kabisa. Minong'ono ya Kinyiramba ikaanza kupita mabenchi, mtoto akalia, afisa akaitazama saa yake. Jasho lilikuwa linamtiririka Mwalimu kwenye mashavu. Akageuza kichwa, akanitafuta, macho yetu yakakutana, na nikajua kwamba amekumbuka. Nitasema wazi jinsi nilivyojisikia: nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa maji ya mtungini baada ya kutembea jua la mchana. Nilikuwa tayari kusimama na kueleza, nilishaweka mikono kwenye benchi ili niinuke.

Ester akaniwahi. Alitembea mpaka mbele bila haraka, akawaambia kina mama kwa Kinyiramba maneno machache ambayo sikuyashika yote, maneno ya kuomba radhi, kisha akachukua kitambaa akalifuta jina la Kimolo. Mahali pake hakuandika kitu. Alichora kisanduku kitupu. "Hapa," akasema kwa Kiswahili, ili afisa naye asikie, "weka mtu yeyote unayetaka. Kila mtu atasoma na wake." Yule mama mwenye shanga akasimama tena. Akasoma polepole, kidole chake kikifuata hewani, "Mwenyekiti... alilima mtama. Mtama ulikomaa." Darasa zima likaangua kicheko, maana mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama dirishani na alijulikana kwa uvivu wake. Wa pili akajiweka yeye mwenyewe. Wa tatu akamweka Mwalimu Komba, wakacheka mpaka watoto wakaamka. Walikuwa wanagombea kusoma. Hata wale ambao kisomo kilikuwa kimewashinda walinyoosha mikono. Afisa kutoka Singida alikuwa anapiga makofi pamoja nao, na kabla hatujapanda gari alishamshika Ester mkono na kumwambia ajiandae na safari.

Mwalimu hakuniambia neno njia nzima. Nadhani aliona haya, na mtu akikuonea haya anaanza kukukwepa. Tangu siku ile tulizungumza habari za karatasi tu. Ester aliondoka kabla mvua hazijachanganya. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Singida, ambako angeunganisha mpaka Manyoni kupanda treni. Mama Naomi alimpa kuku wawili na kibuyu cha asali, akalia. Mimi nilimbebea kikapu. Akaniambia, "Nitakuandikia, Mariamu." Nikasema, "Andika." Nilirudi kwenye chumba chenye vitanda viwili, jioni ile Mama Naomi akanimiminia maziwa mpaka ukingoni, nikayaacha yakachacha zaidi.

Kitabu kilitoka na kile kisanduku kitupu kwenye somo la sita. Nilikifundishia miaka mingi, Ndago, Kinampanda, vijiji vya huku na huku, na kila nilipofika ukurasa ule watu walicheka na kugombea kusoma, na kila walipocheka mimi nilisikia uchungu kidogo, kama mtu anayekula chakula kitamu kilichopikwa na mke mwenza. Nilijiambia: ungesikilizwa siku ile, nafasi ingekuwa yako. Ungekuwa wewe Dar. Nilipoolewa nilijiambia hivyo, nilipoachika nilijiambia hivyo. Wengine hufarijiwa na dini au watoto. Mimi nilifarijiwa na dhuluma yangu, niliitunza vizuri na kuipangusa vumbi.

Baada ya lile somo la Jumamosi, Ester alinishika mkono mlangoni mwa darasa kabla sijatoroka. Alikuwa ameniona tangu mwanzo. Alinipeleka kwake, nyumba mpya yenye vigae, akanikaribisha chai ya maziwa na karanga, akawafukuza wajukuu wake sebuleni. Tulizungumza habari za magoti. Tulizungumza habari za Mama Naomi, Mungu amrehemu. Kisha akaweka kikombe chini. "Mariamu, kuna jambo. Siku ile ulipoingia kwa Mwalimu kumwambia kuhusu jina la Mzee Kimolo, mimi sikuwa nimekwenda kula. Nilikuwa nimesahau kitambaa changu, nikarudi. Nilisikia kila kitu, ukuta ule unaujua."

Nilizirudisha karanga kwenye kisahani.

"Kesho yake nilimwambia Mwalimu nina kwaya, nikaenda kijijini kwa miguu. Nikawauliza wale kina mama, mkifika kwenye jina lisilotajika mnafanyaje? Wakaniambia, kwani shida nini, tunaweka lingine tu, lolote, kila mtu na lake. Nikarudi na wazo hilo. Ningeweza kuwaambia siku hiyo hiyo kwamba ni wewe uliyegundua. Ningeweza kusema mbele ya afisa. Nilinyamaza, nikangoja wakwame." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nafasi ile ilikuwa yako. Nimeishi nayo, nimejenga nayo nyumba hii. Nisamehe, ndugu yangu."

Hebu fikirini nilivyoyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyatunga mwenyewe mara nyingi, nikiwa shambani, nikiwa naosha vyombo, na katika matungo yangu yote Ester huwa analia na mimi huwa nasimama. Sasa analia kweli, na mimi nimekaa na kikombe mkononi, nangoja furaha ije. Badala yake lilikuja darasa lile lisilo na lipu. Nilijiona ninawahi mimi. Nilijiona ninainuka kwenye benchi, ninafika mbele, Mwalimu ananipa nafasi, afisa ananitazama, kitambaa kiko mkononi mwangu na chaki mkononi mwangu.

Nilimwambia nimemsamehe, na nilimsamehe kweli, hilo halikunipa taabu. Tulikumbatiana wazee wawili, tukalia, wajukuu wakachungulia. Lile lingine sikumwambia, na sidhani kama nitamwambia. Kwamba ningesikilizwa siku ile, ningepewa ubao wote na wakati wote nilioutaka, ningelifuta jina la Kimolo vizuri kabisa, na mahali pake ningeandika jina la mtu mwingine.